Onyo kwa Wananchi Wote

Mkubwa wake alimwambia neno moja tu: watu wakikusanyika kesho, arudi kwao akafuge kuku.

Ndiyo maana mpelelezi alikuwa akimmiminia chai mwanamke aliyemkamata asubuhi. Alimkalisha kwenye kiti cha dirishani, apate upepo. Mwanamke mwenyewe fundi cherehani, amevaa gauni jeusi, kidole gumba kina sugu ya mkasi. Mitandaoni watu walimwita Shangazi, na Shangazi akiandika "twendeni," barabara hufurika. Sasa simu yake ilikuwa kwenye droo ya mpelelezi, na intaneti ilizimwa nchi nzima.

"Kunywa, mama. Kisha uniambie, kesho mnakutana wapi?"

"Hivi intaneti mmezima yote? Hata kidogo haipo?"

"Hata picha ya paka haipiti."

Shangazi akashusha pumzi. "Mmetuweza, mwanangu."

"Basi sema yaishe. Au nikamlete mwanao tukuulize wote wawili?"

"Mwanangu mnaye tangu mwezi uliopita. Ndiye tunayewadai."

Mpelelezi akakohoa, akaongeza sukari kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekigusa. "Ukisema, nitamuulizia."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akatazama nje muda mrefu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Uwanja wa Posta," akasema. "Saa sita mchana. Tutavaa nyeusi."

Mpelelezi nusura ambusu. Jioni hiyo kila simu nchini, hata zile za tochi, ilipokea ujumbe mfupi wa serikali: ONYO KWA WANANCHI WOTE. NI MARUFUKU KUKUSANYIKA UWANJA WA POSTA KESHO SAA SITA MCHANA. ATAKAYEVAA NGUO NYEUSI ATAKAMATWA.

Akalala usingizi wa pono.

Kesho yake saa sita alichungulia dirishani. Uwanja ulikuwa mweusi tititi. Vijana, wazee, akina mama na watoto mgongoni, wote wakiita jina la kijana mmoja. Askari hawakuwa na pa kukanyaga, sembuse pa kumkamatia mtu.

Akashuka ngazi mbiombio hadi mahabusu.

"Mama! Umewaambiaje watu wote hawa? Simu yako ninayo mimi!"

"Umewaambia wewe, baba," alisema Shangazi. "Mimi hata mahali nilikuwa sijachagua, mpaka uliponikalisha pale dirishani."