Makufuli Mawili

Mlango wa kanisa la pale Kimanga ulikuwa na makufuli mawili, moja la kila mchungaji. Wakubwa hao waligombania kiti cha uongozi mpaka wakawafungia waumini nje. Miaka miwili mizima! Bernardine, aliyebeba mchanga wa kuta zile kichwani angali msichana, alitamani kusikia wimbo ukitoka mle ndani kabla hajafa.

Jumapili hiyo aliwakuta vijana wa kwaya wameung'oa mlango mzima pamoja na fremu yake, wameulaza chini.

"Mulivunja makufuli?"

"Hapana, koko," msichana mmoja akamjibu bibi huyo akicheka, mikono myeupe kwa vumbi la simenti. "Yote iko yamefungwa vilevile. Ingia, tunaanza."

Wakaingia, wakaimba. Bernardine alikuwa ameinua mguu kuwafuata wakati pikipiki za wachungaji zilipofika, zote mbili pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

"Murudishe mlango sasa hivi!" wachungaji wakafoka.

Bernardine akatazama ndani, wimbo ukipanda. Kisha akageuka, akainama polepole kwa sababu ya goti, akaketi juu ya ule mlango, katikati, na kunyoosha miguu.

"Haya, ba pasta," akasema. "Muubebe."