Sabini kwa Arobaini

Kompyuta kumi na mbili zilikuwa zimekwama kwa pamoja, na fundi alikuwa amezipigia magoti. Hakuwa akisali. Alitaka kuona taa ya kompyuta ya chini kabisa, na kitambi hakikumruhusu kuinama.

"Bado?" aliuliza mkuu wa idara ya mitihani kutoka mlangoni.

"Zinafikiri, mama."

"Zinafikiri tangu asubuhi! Saa kumi natangaza matokeo, fundi, hata kama ni ya kuota."

Fundi alijua kosa ni lake, ila hakujua bado ni lipi, maana siku hizi alikuwa na mengi ya kuchagua. Kompyuta zile zilifungwa pamoja zifanye kazi kama moja, nazo zilitumikia mabwana wawili. Wa kwanza alikuwa kazi nzito: kuchakata kwa mkupuo alama za watahiniwa laki nne. Wa pili alikuwa maswali ya papo kwa papo, ya vyuo na waajiri waliotafuta vyeti vya zamani na wasiotaka kusubiri hata sekunde tatu. Mtambo wa pili aliuomba, akanyimwa. "Wagawie huo huo," aliambiwa. Akagawa, akajisifu kwamba hata mwenye wake wawili hajapata kugawa kwa haki namna ile.

Sasa mabwana walikuwa wakigombana na hakuna aliyesogea. Fundi alikwisha kuzima na kuwasha. Alikwisha kulaumu umeme, joto, na panya ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Simu iliita. Alikuwa binti yake.

"Baba, umekunywa chai?"

"Chai itapita wapi, mwanangu?"

"Hesabu si mwisho wa dunia."

"Mara ya tatu hii!"

"Lakini safari hii tumesoma. Kila jioni pale mezani, mpaka mama anatufukuza aandae chakula. Tulia."

Atulie vipi? Chuo kilikuwa kimeshikilia nafasi moja hadi kesho. Hesabu ikigoma tena, nafasi inakwenda kwa mwingine, na fundi alishaapa mbele ya mkewe kwamba hakutakuwa na mara ya nne. Aliogopa, na hakuona aibu kukiri kwamba anaogopa.

Mkuu wa idara alirudi, akavuta kiti. "Hebu nionyeshe ulivyogawa."

Fundi alifungua ukurasa wa mgao, aliouandika kwa mkono wake mwenyewe. Kazi nzito: asilimia sabini. Maswali: asilimia arobaini.

Mkuu wa idara alitazama kioo cha kompyuta. Akamtazama fundi. Akarudi kwenye kioo.

"Sabini na arobaini ni ngapi?"

Fundi alihesabu kwa vidole, mikono ikiwa chini ya meza.

"Mia na ushei, mama."

"Na ushei! Umewaahidi watu mtambo ambao hatuna, kila mmoja anadai chake. Halafu nasikia nyumbani kwako kuna mtahiniwa?"

"Yupo, mama."

"Namwombea asiwe amefundishwa na wewe."

"Hapana, mama. Hilo Mungu ameliepusha."

Arobaini aliifanya thelathini, kisha akahakikisha jumla kwa kikokotoo, mara mbili, maana mwenye mkosi hujichunga. Kompyuta ziliguna, zikaanza kukimbia. Saa tisa na nusu kazi nzito ilikwisha. Saa kumi kamili mkuu wa idara alibonyeza kitufe, na matokeo yakawa wazi kwa kila mtu.

Fundi alikuwa na funguo za mtambo mzima, na angeweza kuchungulia mapema. Hakuchungulia. Alisubiri kama watu wengine, ndipo akaandika namba ya mtahiniwa. Aliikosea mara mbili.

Hesabu: C.

Alipiga yowe. Mkuu wa idara alikuja mbio, akidhani mtambo umekwama tena, akamkuta fundi analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Amepita?"

Fundi alimgeuzia kioo. Alielekeza kidole tu.

Mkuu wa idara aliinama asome jina la mtoto ampongeze. Kando ya alama, kwenye picha ya mtahiniwa, alimkuta fundi mwenyewe, upara ukimeremeta, tai imemkaba shingo, macho yamemtoka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.