Kofia Isiyofunga

"Mama, unaunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, basi," mwalimu wa kroshia alimwambia Arlys kwa wiki ya sita. "Ndivyo kofia inavyofunga utosini."

"Kichwa changu kigumu kama barafu ya ziwani," Arlys alijibu, wakacheka.

Kila Jumanne mchana walikaa hivyo kwenye meza ya dirishani, katika maktaba ya mji wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, magoti yakikaribia kugusana. Nyumbani kwa Arlys simu haikuwa imelia tangu Krismasi.

Siku hiyo mwalimu alimuuliza kama theluji ilimzibia mlango. Arlys akaanza kusimulia, akajisahau. Vidole vyake vikachota nyuzi za mbele tu za vitanzi viwili, vikavuta, vikarudia, mzunguko baada ya mzunguko, bila tundu hata moja kuonekana.

Alipotazama chini, kofia ilikuwa imefunga.

Mwalimu aliichukua. Njia ile ya nyuzi za mbele, ya mafundi wazoefu, hakuwahi kumfundisha. Akapitisha kidole kwenye uzi wa utosini. Ulikuwa umechakaa na kuota manyoya, kama uzi uliofumuliwa mara nyingi.

Masikio ya Arlys yaliwaka moto. Akanyoosha mkono kuchukua koti lake.

"Wee mama, unakwenda wapi?" Mwalimu alishika ncha ya uzi, akavuta taratibu, kofia ikafumuka mpaka utosi ukabaki wazi. "Umekosea tena. Kweli una kichwa kigumu. Sogea hapa nikuonyeshe."