Kadi ya Kuacha

Kahambu alikata kadi kutoka boksi la biskuti, akaandika kwa kalamu nyekundu: ACHA. Pale mjini Pinga, mashariki mwa Kongo, walikuwa wanne mezani, wakicheza mchezo wa kutunga hadithi kwa dadu, yeye msimulizi.

“Mwenye atagusa hii, tunaachia pale, tunaenda mbele,” aliwaambia. “Hakuna mwenye atamuuliza sababu.”

Papa mmoja kati yao, mzee mwenye duka la sabuni, alicheka. “Dada, vita iko ku barabara. Hii njo mchezo tu.”

Wakacheza. Wasafiri wao wa kubuni walivuka mto, wakapanda kilima.

“Mbele munaona kamba imefungwa katikati ya njia,” alisema Kahambu. “Baaskari babili banawaita...”

Kidole cha yule papa kilikuwa tayari juu ya kadi. Ukucha wake ulikuwa umeota upya, mwembamba, umepinda. Alibonyeza mpaka kadi ikakunjika.

Kahambu alimeza maneno yaliyobaki.

“Mumeshafika ku soko,” alisema taratibu. “Munauzisha nini?”

“Chumvi,” mmoja akajibu, na mchezo ukaendelea.

Wenzao walipoondoka, papa alibaki ameketi.

“Dada, boksi imebakia?”

“Iko.”

“Unikatie ingine. Ya bibi yangu, mama wa batoto bangu. Batu banamuulizaka kila siku yenye ilitokea ku barabara.”