Bendera ya Njano

Tangu ziwa letu la magadi lichaguliwe na wanasayansi wa anga kuwa kielelezo cha sayari za mbali, ni marufuku kuleta maji matamu huku. Eti yataua vijidudu walivyovizungushia bendera za njano, vinavyowaonyesha jinsi viumbe wa huko juu wanavyoweza kuishi. Sisi tunakunywa hayohayo ya ziwani; hata maharage siyatii magadi tena.

Leo mtafiti wao, Dokta Kimambo, alikuja kumpima mate binti yangu, Naisiae.

“Dokta, mtoto ana kiu,” nikamwambia. “Niletee japo chupa moja.”

Akaangalia kipimo, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Mama Naisiae, huyu ameshazoea. Maji matamu yatamharibu.”

Akatoka, akachomeka bendera ya njano mlangoni pangu.