Nira ya Babu Yake Ngiri

Punda alivuta gari la Ngiri kwa nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe wawili, na shingo yake ikachubuka vibaya. Nungunungu, fundi wa ngozi, akamshonea mkanda mpana wa kifuani utumike badala ya nira.

“Hapana!” alisema Ngiri. “Nira hii ni ya marehemu babu. Mila haibadilishwi.”

“Sawa, bwana,” alijibu Punda. “Lakini babu alifunga wawili. Huu upande wa pili utakaa wazi mpaka lini?”

Majirani wakacheka. Kwa aibu, Ngiri akaingiza shingo yake upande ule wa nira, wakaanza kupanda kilima.

Kabla hawajafika nusu yake, Ngiri alimgeukia Nungunungu aliyewafuata. “Fundi! Ule mkanda uko wapi?”

“Ninao. Nikupime na wewe?”

“Mfunge Punda! Mimi na babu tumekwisha kuelewana.”