Tangi Tupu Husema Nne

"Tangi limekauka. Washa pampu," alisema Mkadam, mkuu wa zamu, akionyesha mshale wa geji uliolala chini ya sifuri.

Sikudhani, fundi wa vipimo, aliifunika swichi kwa kiganja. Chini ya tangi lile la kilimani kulikuwa na nyumba arobaini za udongo. Lingefurika, zingesombwa zote.

"Subiri, mzee." Akaunga mita yake kwenye nyaya zilizoshuka kutoka tangini. "Kipimo cha kule juu hakina betri. Kinakula umeme na kusema kwa nyaya hizi mbili tu. Tangi likijaa, kinatuma umeme wa miliampea ishirini. Likiwa tupu, nne. Mita inasoma sifuri. Hiki hakisemi kitu, waya umekatika."

"Diploma hiyo inaongea," Mkadam alicheka. "Mji mzima una kiu, binti, na atakayetukanwa ni mimi."

"Basi andika kwenye daftari la zamu kwamba nilikukataza."

Mkadam hakuigusa kalamu. Sikudhani akachomoa fyuzi ya pampu, akaitia mfukoni, akaelekea kilimani.

Jua la saa saba lilikuwa likiunguza. Alipanda ngazi ya tangi akibandika kiganja kwenye bati kila alipokanyaga; penye maji bati hubaki baridi hata juani. Chini lilikuwa baridi. Katikati, baridi. Juu yake zilibaki ngazi tatu, na huko chini ya kilima mwanamke alikuwa akianika nguo za mtoto.

Sikudhani alipanda moja zaidi, akanyoosha mkono kuligusa bati la juu.